Naombeni ushauri: nina leseni ya urubani binafsi, nataka kujifunza lupu na roli, nianzie wapi?

Habarini wakuu. Nipo Texas huku, leseni nimepata mwaka jana, nina masaa kama 130 na yote ni ya Cessna 172, narusha wikiendi kujifurahisha tu sio kazi. Sasa moyo wote uko kwenye kupindua ndege, yaani lupu (ndege inazunguka duara la wima) na roli (inajiviringisha ubavu mpaka inarudi sawa). Kinachonisumbua kwanza ni tumbo, nikikaa abiria siku ya upepo natapika. Halafu kuna jamaa pale ninapokodi ndege anasema roli ukiipiga taratibu hata 172 inakubali, twende siku moja anionyeshe. Natamani ila roho inasita. Aliyepitia anisaidie.

Kipanga77:
Mkuu nakuomba usiende na huyo jamaa. 172 kwenye daraja la kawaida imepimwa G 3.8 tu, yaani mara 3.8 ya uzito wake, na kitabu chake hakiruhusu roli. Na roli kuianza sio tatizo, tatizo ni pale katikati, ukiwa kichwa chini pua inaanza kushuka, mgeni anashtuka anavuta usukani, basi ndege inajikunja kuelekea ardhini, spidi inapanda mpaka inapita mstari mwekundu (spidi ya mwisho inayoruhusiwa) na wewe bado unavuta. Watu wamekufa hivyo. Tafuta mwalimu mwenye Super Decathlon, ndege ya michezo ya angani, ile ni G +6, na −5 nguvu ikivuta kinyume, na injini inapata mafuta na oili hata mkiwa kichwa chini.

MamaWaAnga:
Kaka yangu anza na spini (mbawa zinaacha kubeba, ndege inaanguka huku ikizunguka) kabla ya hiyo lupu, maana lupu ikiharibika kule juu spidi ikaisha, spini ndo inakusubiri. Nguvu ya injini chini kabisa, aileroni (vibao vya mbawa vya kulaza ndege) katikati, mguu wote kwenye pedali ya usukani wa mkia kinyume na upande unakozunguka, stiki (usukani wa mkono) mbele. Ikiacha kuzunguka rudisha miguu sawa halafu inua pua taratibu. Mimi nilirudia mpaka nikawa naitaja kwa sauti nikiwa jikoni.

Tumbo lisikutishe, linazoea. Mara za kwanza dakika 20 zinatosha, kula kitu chepesi usipande na njaa, na ukianza kuona mate yanajaa mdomoni mwambie mwalimu hapo hapo mrudi, usijikaze maana ukitapika siku moja unaweza kukaa wiki mwili unakataa.

Muuliza uzi:
Asanteni sana, jamaa nimeshamwambia hapana. Parashuti ni lazima? Na urefu je?

Kipanga77:
Kwa huko Marekani mkiwa wawili mkapita digrii 60 za kulala ubavu au 30 za pua juu au chini, parashuti ni lazima, ingawa spini za kufundishwa na mwalimu zina msamaha wake. Wewe vaa tu, na angalia kadi yake, zile za nailoni lazima ziwe zimefungwa upya ndani ya siku 180. Urefu sheria inasema usishuke chini ya futi 1,500 ila wewe mgeni anzia 4,000 kwenda juu, spini moja na kutoka inaweza kula futi 1,000 hivi.

MamaWaAnga:
Na kabla ya kupanda toa kila kitu mfukoni, kalamu, sarafu, funguo, simu. Mara ya kwanza tulivyopinduka vumbi lote la sakafuni lilinijia usoni, nikaona na skrubu ndogo inapita mbele ya macho. Ile skrubu ingenasa kwenye stiki sijui ingekuwaje. Tukarudi chini tukafagia ndege nzima kwa mkono.