Jaji, hiyo v ya binti yangu ilikukosea nini?

Wadau, nina hasira na sitaificha. Jumamosi binti yangu wa sekondari alishindana hapa Kisumu kwa shairi alilotunga mwenyewe. Mshororo wake wa kwanza, kuhusu Dunga, ufuo wetu wa Ziwa Victoria:

Upepo wavuma Dunga, wavunja vyombo ziwani

Karatasi ilirudi na wino mwekundu: sauti v imerudiwa mno, tumia msamiati mpana. Jaji akakata "wavuma" akaandika "wapiga", akakata "wavunja" akaandika "waharibu".

Hebu hesabuni mizani, yaani silabi. Wa-vu-nja vyo-mbo zi-wa-ni, 8. Wa-ha-ri-bu vyo-mbo zi-wa-ni, 9! Utao, kipande cha pili cha mshororo, umeenda tenge kwa mkono wa mtu aliyekuja kusahihisha.

Na hiyo v itamkeni polepole. Mdomo wa chini unagusa meno ya juu, pumzi inapenya ikikwaruza, haikatiki. Si ndio upepo wenyewe huo? Halafu u inaviringa midomo kama ya mtu anayepuliza. P, g na b za maneno ya jaji ni vipasuo: pumzi inazibwa, kisha inaachiliwa ghafla. Zingefaa mtumbwi ukigonga mwamba. Upepo wa ziwa letu hauvumi hivyo.

Msiniambie ni upatanisho wa kisarufi tu. Ukisema "vikombe vyangu vile vitatu vimevunjika", karibu v zote zimeletwa na ngeli, hakuna aliyezitafuta. Lakini vuma na vunja zina v kwenye mzizi. Upepo wenyewe umeleta w tu. Binti alizichagua. Usiku nilimsikia mezani akinong'ona, akifuta, akinong'ona tena. Darasani wanaiita takriri konsonanti, na hufundishwa kuwa ni pambo. Leo imekuwa kosa?

Kilichonichoma zaidi, mtoto aliyesifiwa kwa vina alimalizia mishororo ya ubeti mmoja kwa -ka, -la, -ma na -ta. Eti zote zina a! Kiswahili kina irabu 5, na karibu kila neno letu huishia kwa irabu. Kwa hesabu hiyo hata orodha ya sokoni ina vina. Kina ni silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake.

Sasa mtoto anataka kwenda raundi ijayo na "wapiga", kwa kuwa jaji ndiye aliyesema. Nimemkataza. Mwenye kujua rufaa za mashindano haya hupelekwa wapi anijibu hapa. Karatasi ninayo.