Bei ya mnada wa korosho tunaisikia redioni, makato yake mbona hatuonyeshwi?

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Nimeufungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Kila msimu wa korosho unapoanza, vyombo vya habari hutangaza bei ya juu na bei ya chini ya kila mnada wa Mtwara na Lindi, na nchi nzima huamini kwamba hizo ndizo fedha anazopokea mkulima. Sizo. Kati ya bei inayotangazwa na fedha inayoingia kwenye akaunti yangu kuna makato ambayo chama chetu cha msingi, yaani ushirika wa wakulima unaotuuzia korosho, hakijawahi kutupatia mchanganuo wake kwa maandishi, na kila anayeuliza huitwa mchochezi.

Msimu uliopita nilipewa kipande cha karatasi kilichochanwa kwenye daftari la mistari. Kilikuwa na jina langu, idadi ya kilo na kiasi nitakacholipwa, basi. Hapakuwa na tarehe ya mnada, hapakuwa na daraja la korosho zangu, wala mstari mmoja wa kueleza nini kimekatwa na kwa kazi gani. Kilo zenyewe zilikuwa pungufu ya zile nilizopimiwa mbele ya macho yangu, na nilipohoji, karani alinijibu kwa neno moja tu, "unyaufu," kisha akamwita aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni. Kwamba korosho hupungua uzito zikikaa ghalani, hilo kila mkulima analijua. Lakini korosho zangu zilianikwa juani hadi zikawa zinalia ukizitikisa, zikakaguliwa, zikapokelewa kuwa zimekauka. Sasa huo unyaufu ulikadiriwa na nani, kwa kipimo gani, na kwa nini upungufu wa mzigo uliokaa ukisubiri mnada na gari niubebe mimi peke yangu?

Nieleweke vizuri: sipingi makato kama makato. Chama cha msingi kina watumishi wa kulipwa, chama kikuu kinachounganisha vyama vya msingi nacho kina sehemu yake, ghala lina gharama, magunia yana gharama na lori haliendi bure. Ninachokataa ni kukatwa gizani, kwa viwango vinavyobadilika baina ya mnada mmoja na mwingine bila wanachama kuelezwa, halafu kwenye mkutano tusomewe jumla kuu kwa haraka na tuombwe kupiga makofi.

Wasiolima huenda wakadhani korosho huokotwa tu. Kabla ya kuokotwa kuna kufyeka na kupalilia chini ya kila mkorosho, kisha maua yanapochomoza kuna vita dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, ambavyo usipovipigana maua hukauka na msimu umekwisha. Mpulizaji hutoka shambani macho mekundu, nguo zote zimegeuka njano kwa salfa, dawa ya kuzuia ukungu huo, na mara nyingi kibarua chake pamoja na mafuta ya mashine vimekopwa. Wanawake wetu ndio wanaoinama tangu alfajiri kuokota na kutenganisha korosho na mabibo. Deni la dukani husubiri mnada, ada husubiri mnada, hata ngoma za unyago husubiri mnada. Na bei ikishatangazwa redioni, mwenye duka anakuja na daftari lake asubuhi hiyo hiyo, na ndugu walioko Dar es Salaam wanapiga simu wakiamini tumetajirika. Utamwonyesha nini mdogo wako akuamini, ikiwa wewe mwenyewe hujui fedha imeishia wapi?

Wapo watakaosema dawa ni kuufuta mfumo wa stakabadhi ghalani, yaani huu wa kukusanya korosho ghalani na kuziuza kwa mnada. Siafikiani nao hata kidogo. Mfumo huu ulioanza msimu wa 2007/08 ulitupa mnada wa wazi na wanunuzi wanaoshindana, na ukiondoka leo, kangomba, mlanguzi wa vijijini, atarudi na bakuli lake la kupimia kumlalia mjane aliyebanwa na ada. Ila mfumo hufa watu wanapoacha kuuamini. Aprili 2013 nyumba zilichomwa moto Liwale, mkoani Lindi, baada ya wakulima kuambiwa kwamba malipo yao ya awamu ya pili yatakuwa pungufu ya walivyotarajia. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kuzisomba, na bado wakulima wengi walisubiri malipo kwa miezi huku uhakiki wa wakulima ukiendelea. Mara zote mbili tulichokisikia na tulichokipata havikufanana.

Ninachotaka hakihitaji bajeti wala kamati. Viwango vya makato vibandikwe kwenye ubao wa ghala kabla ya mnada wa kwanza, na kila mkulima apewe hati yenye kilo alizopeleka, kilo zilizouzwa, daraja, bei ya mnada husika na kila kato kwenye mstari wake. Naomba waandishi wa habari nao, wanapotangaza bei, wamuulize mwenyekiti wa chama mbele ya wanachama wake ni shilingi ngapi zitamfikia mkulima.

Ninyi wanachama wa vyama vingine vya msingi, kuanzia Nanyumbu hadi Nachingwea, wekeni hapa mchanganuo wa makato mnaopewa, mkifuta majina na namba za akaunti, ili tutakapoingia kwenye mkutano mkuu tuwe na mifano ya kulinganisha.