GA4 na M-Pesa hazilingani, mteja nimweleze nini?

Kokotoa: Wakuu, nimechukua kazi ya duka la viatu la mtandaoni, Nairobi. Mwenye duka anauliza kwa nini Google Analytics (GA4) inaonyesha oda karibu nusu tu ya zilizo kwenye taarifa yake ya M-Pesa. Nianzie wapi? Na makubaliano yaweje?

Lebo_na_Data: Mkuu, kwanza jua tukio la purchase (ishara ya mauzo inayotumwa GA4) linarushwa wapi. Maduka mengi hulirusha ukurasa wa "asante" unapofunguka. Sasa mfuate mnunuzi wa STK push (ombi la malipo ya M-Pesa linalotokea kwenye simu): anaweka PIN, SMS ya uthibitisho inaingia, kwake biashara imekwisha. Kwenye kivinjari harudi tena. Pesa imeingia, GA4 haina habari.

Usibahatishe lakini. Pakua oda za siku 7 kutoka mfumo wa duka, uzipange kando ya transaction_id (namba za oda) za GA4, kisha uzitenge zilizokosekana kwa njia ya malipo. Zikiwa karibu zote za M-Pesa, ndiyo hiyo. Zikiwa zimesambaa hadi kwenye kadi, kagua bango la ridhaa ya cookies na vizuia-matangazo, navyo huweza kuizuia GA4.

Dawa yake: seva ya duka ikipokea jibu la Daraja (API ya M-Pesa ya Safaricom) lenye ResultCode 0, yaani malipo yamefaulu, yenyewe itume purchase kwa Measurement Protocol (njia ya seva kutuma matukio GA4 moja kwa moja). Hapa ndipo wengi wanapokwama: client_id na session_id (vitambulisho vya GA4 vya kivinjari na ziara ya mnunuzi) lazima zihifadhiwe pamoja na oda KABLA ya kutuma STK. Bila hizo mauzo yataonekana, ila hutajua yametoka tangazo gani, na mteja alichokuajiria ni hicho. Halafu ondoa lile la ukurasa wa asante kwa oda za M-Pesa.

Kokotoa: Nimejaribu kutuma, seva ya Google inajibu 204 (yaani imepokea), kwenye ripoti hakuna kitu.

Lebo_na_Data: Hiyo 204 haina maana. Hujibu hivyo hata ujumbe ukiwa mbovu. Tuma kwanza kwenye /debug/mp/collect, anwani ya Google ya majaribio, itakuonyesha makosa ya muundo wa ujumbe.

mama_seva: Naongezea, angalieni msirushe jibu la Daraja lote kama lilivyo. Ndani yake mna PhoneNumber, na Google hairuhusu namba ya simu ya mtu kuingizwa GA4. Tuma namba ya oda, kiasi, KES na bidhaa, basi.

Kuhusu makubaliano: akaunti ya GA4 iwe ya mteja, wewe akupe nafasi ya Editor (ya kuhariri mipangilio) tu. Andika wazi nani anabadilisha msimbo wa seva; kama ni programa wake, saa zake zisiwe kwenye bei yako. Na andika kwamba hesabu ya fedha ni ya M-Pesa, GA4 ni ya kulinganisha matangazo. Usiahidi zilingane asilimia 100, utadaiwa hadi uchoke.

Siku ya kwanza kabisa ongeza muda wa GA4 kuhifadhi data kutoka miezi 2 hadi 14. Iliyokwisha kufutwa hairudi.