Kuuza pikipiki iliyoingia kwa muda ukiwa safarini: njia ipi ina hatari ndogo?

GiaYaSita
Wakuu, nipo safarini, nchi ya tatu sasa, na mambo ya kifamilia yananilazimu nirudi nyumbani kwa ndege. Pikipiki bado ina wiki tano kwenye muda wa forodha. Kuna msafiri mwenzangu, raia wa nchi nyingine, anaitaka na pesa anazo mkononi. Yupo pia fundi mwenyeji anayesema nimwachie, "karatasi tutamalizana baadaye". Ninapima njia nne: kumuuzia msafiri kwa hati ya uwakilishi, kumuuzia fundi hivyo hivyo, kuilipia ushuru kwanza ndipo niuze, au kuirudisha kwa meli. Aliyepitia haya anisaidie.

ChasiNaInjini
Ya fundi ifute leo. Pikipiki yako haikulipiwa ushuru kwa sharti moja tu, kwamba itatoka. Ukiiuza ndani ya nchi sharti limevunjika siku hiyo hiyo, na deni la ushuru linaandikwa kwa jina lako. Fundi hawezi kuisajili, kwa sababu ofisi ya usajili itamdai risiti ya forodha. Kwa hiyo ataiendesha na namba zako za kigeni. Akimgonga mtu akakimbia, polisi wataanza na namba ile, na jina litakalotokea ni lako. Hiyo "baadaye" yake ni wakati wewe umeshapanda ndege.

Halafu tuambie: umeingia kwa karneti (kile kijitabu cha forodha chenye dhamana) au kwa kibali cha mpakani?

GiaYaSita
Karneti. Dhamana niliweka kwenye chama cha magari nyumbani.

NjiaPanda
Ndugu yangu, nilishauza pikipiki ya karneti kwa msafiri, sipendi yakukute. Tuliandikiana mkataba, wakili akagonga muhuri, nikampa kadi na funguo. Aliahidi akitoka mpakani atagongesha karneti na kuniletea kwa posta. Akatoka kupitia kituo kidogo, afisa akamruhusu bila kuigusa.

Fungua karneti yako uitazame. Kila ukurasa una vipande vitatu: kimoja huchanwa unapoingia, kingine unapotoka, na kishina hubaki kwako. Kishina changu kilirudi kikiwa na muhuri wa kuingia, upande wa kutoka mweupe kabisa. Kwa forodha, pikipiki ile bado imo nchini mwao. Chama kikazuia dhamana yangu, wakaniambia nikaonyeshe pikipiki mbele ya afisa wa serikali athibitishe namba ya chasi. Nitaionyeshaje na nimeshaiuza? Nilikaa na wasiwasi huo muda mrefu, maana forodha wana mwaka mzima baada ya karneti kuisha muda wa kukiarifu chama kwamba wanadai.

Upepo_wa_Mashariki
Mimi hati ya uwakilishi ilinisaidia, tusiikatae moja kwa moja. Mnunuzi alipita nayo mipaka miwili bila shida.

DawatiLaMpakani
Alipita kama mwendeshaji uliyemruhusu, hakupita kama mmiliki. Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha miaka mingi na hapa ndipo wasafiri wengi huteleza. Hati ya uwakilishi inampa mtu ruhusa ya kuendesha au kukutendea jambo. Haihamishi wajibu wako kwa forodha. Nchi nyingine hata kuendesha hazimruhusu mtu mwingine bila idhini yao kwanza.

GiaYaSita, Mkataba wa Istanbul wa 1990 unaohusu uingizaji wa muda unataja njia halali za kufunga deni hili mbali na kutoka na chombo: kukiingiza kwenye eneo huru (lisilotozwa ushuru) au ghala la forodha, au kukilipia ushuru kibaki nchini. Kikiharibika vibaya kwa ajali, unaweza kukisalimisha kwa serikali bila kuigharimu chochote, au kikateketezwa mbele ya maafisa. Kuhamishia wajibu kwa mtu mwingine kunawezekana pia, ila forodha ndio wanaoidhinisha, naye lazima atimize masharti yale yale.

Sasa "nitalipa ushuru niuze" si kila mahali. Chile, kwa mfano, haijaruhusu kuingiza magari yaliyotumika tangu 1985, isipokuwa kwenye maeneo huru kama Iquique na Punta Arenas. Ndiyo maana wasafiri wengi huenda kuuzia huko. Kwa hiyo uliza kwanza kama pikipiki ya umri kama wa yako inakubaliwa, ndipo uulize kiasi. Na thamani hupangwa na afisa. Bei mliyopatana na mnunuzi si lazima waikubali.

ChasiNaInjini
Naongezea kwa wanaotumia vibali. Mexico hutoa siku 180, na dhamana ni dola 200 hadi 400 kulingana na mwaka wa chombo. Usipokifuta kibali unapotoka, dhamana inapotea na huingizi chombo kingine. Kuna nchi pia zinaandika pikipiki ndani ya pasipoti, na bila pikipiki hupandi ndege.

GiaYaSita
Basi nikimsindikiza yule msafiri mpakani, nikatoka nayo mwenyewe, nikamkabidhi upande wa pili?

DawatiLaMpakani
Hiyo inafunga deni la nchi unayotoka, na kati ya njia zako naiona nzuri. Ila upande wa pili usiiingize kwa karneti yako, utakuwa umefungua deni jipya. Aingie yeye kwa nyaraka zake. Waulizeni mapema kama wanakubali kadi yenye jina lako pamoja na mkataba wa mauziano, wengine hukataa kabisa. Wakikataa, rudi kwenye hesabu ya meli.

NjiaPanda
Na nyumbani uwaarifu ofisi ya usajili na bima siku hiyo hiyo ya makabidhiano, tarehe na saa viwemo kwenye mkataba. Kishina kipige picha ukiwa bado dirishani. Muhuri ukiwa hafifu au tarehe haisomeki, mwombe afisa agonge tena kabla hujamkabidhi mtu funguo.

GiaYaSita
Asanteni sana. Kesho asubuhi nampigia wakala wa upande wa pili kuhusu kadi. Fundi nimeshamwambia hapana.