Mteja anasema nyumba yake inaanguka: lenzi ya shifti mbovu, au mimi?

Dada wa Himbi
Habari zenu wakubwa. Nimenunua Canon TS-E 24mm ya mtumba, toleo la pili, ile lenzi inayoweza kuinama (tilti) na kusogea juu na chini (shifti). Kuipata nimeuza mpaka friji ya dukani. Wiki jana mteja kaniita hapa Himbi nimpigie nyumba mpya, ghorofa tatu, ukuta wa chini mawe meusi ya volkano. Kuona picha akanyamaza, halafu: "Dada, mbona nyumba yangu inaanguka?" Na hapa Goma, tangu mitetemeko ya Mei 2021, hayo si ya kuchekea. Tilti nilizungusha mpaka mwisho, digrii 8.5. Kuta bado zinabanana juu kama hema, na nusu ya picha ni ukungu.

Mzee Filamu
Lenzi nzima, dada. Umeshika kitasa sicho. Tilti haina habari na kuta, inalaza fokasi tu, yaani lile eneo linaloonekana kali. Kinachonyoosha kuta ni kamera kusimama wima. Ukiinua pua yake kutafuta paa, tayari zimeanza kukutana.

Tilti irudishe sifuri. Weka kamera kwenye stendi, tazama pima maji mpaka povu likae katikati, kama fundi mwashi. Paa litakatika na barabara itajaa nusu ya picha. Usihangaike. Hapo ndipo unazungusha shifti: lenzi inapanda, mwisho milimita 12, paa linaingia na vumbi la barabarani linatoka. Mwanga pima kabla ya kupandisha. Ukishapandisha, kipimo cha kamera kinadanganya.

Chukudu24
Kaka Mzee kamaliza, ila tilti isionewe. Yake ni ardhi. Ukitaka lava iliyoganda ikae fokasi kutoka miguuni mwako hadi mlima wetu wa volkano, Nyiragongo, kamera ikiwa mita 1.5 juu, hiyo 24mm inataka digrii 1 hivi, kuelekea chini. Moja! Wewe umeweka nane na nusu. Kanuni hiyo ya kulaza fokasi ni ya Scheimpflug, mwanajeshi wa Austria aliyekuwa akisumbuka na picha za kutoka angani, miaka ya 1900 mwanzoni.

Tahadhari: mtu akisimama karibu, hasa ukifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, f/3.5, viatu vitaonekana hadi uzi na uso utapotea. Nilimpiga hivyo kijana wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo. Akaniuliza kichwa chake nimempelekea nani.

Dada wa Himbi
Nimerudi leo asubuhi kabla ya jua kali. Kuta zimesimama! Ila shifti imefika mwisho na ukingo wa paa bado uko nje, na nyuma yangu ni ua wa jirani, siwezi kurudi hata hatua.

Mzee Filamu
Geuza kamera isimame kwa urefu. Ikishindikana, omba kupanda ghorofa ya pili ya huyo jirani. Ukiwa katikati ya kimo cha nyumba, shifti kidogo inatosha.

Dada wa Himbi
Jirani kakubali. Ila na ya kwake nimpigie, bure.