Kosa la kuzuia kwenye netiboli: mwamuzi atazame miguu au mikono?

Walimu wenzangu, na nyinyi mnaopuliza filimbi kwenye mechi za shule hapa Kigoma, naomba tulizungumze hili bila kukasirikiana. Mimi nafundisha netiboli Ujiji. Ninachosema ni kwamba mabinti warefu wanaadhibiwa kwa urefu wao, na sababu ni kwamba mwamuzi anatazama mikono wakati sheria inapima miguu.

Sheria yenyewe tunaiimba wote: futi tatu, yaani sentimita 90. Anayemkaba mwenye mpira akae umbali huo, na akishakaa hapo ni ruksa kuinua mikono, kuinamia mbele, hata kuruka kuufuata mpira, mradi asimguse mwenzake. Sasa umbali huo unapimwa wapi? Chini, ardhini. Unaanzia kwenye mguu aliotua nao mwenye mpira mpaka mguu wa mkabaji ulio karibu zaidi. Akiwa ameshauinua mguu ule, tunapima kutoka pale ulipokuwa. Kwenye kupima huko mkono haumo.

Kilichonifanya niandike ni mechi ya kirafiki ya Alhamisi jioni. Uwanja wa vumbi chini ya miembe, mistari ya majivu, na upepo wa ziwa umeshaanza kuifuta. GK wangu, yaani mlinda goli, yuko kidato cha tatu na ni mrefu kuliko mimi. Kabla ya mapumziko ya kwanza alipulizwa mara sita kwa kosa lile lile la kuzuia. Mnajua adhabu yake: anasimama pembeni ya mfungaji (GS), haruhusiwi kuingilia mpaka mpira utoke mikononi, na GS anapiga kwa raha zake. La sita lilipigwa karibu kabisa na filimbi ya mapumziko, basi nikachukua rula ya ubaoni nikaenda pale pale kabla watu hawajapakanyaga.

Alama zilikuwepo. Unyayo wa kulia wa GS, ule wa kutua, kisigino kimezama. Unyayo wa kushoto uko mbele yake, umekaribia vidole vya GK wangu kiasi cha shubiri mbili. Nikalaza rula kutoka unyayo wa kulia. Mita nzima, na haikumfikia GK. Kwa hiyo binti alikuwa mbali kuliko sheria inavyomtaka. Aliyesogea ni mfungaji, kwa kupiga hatua mbele ili alikaribie goli. Na mwenye mpira akipunguza umbali mwenyewe, mkabaji hana kosa. Hilo nalo limeandikwa kwenye sheria.

Mechi ilipoendelea, nikamwona binti anakaba ameficha mikono nyuma ya mgongo. Nikamwita pembeni. Akaniambia, "Mwalimu, nikiinyoosha nitapulizwa tena." Niliumia sana. Tumemchagua acheze GK kwa sababu ya mikono ile.

Baada ya mechi tulibishana vizuri tu. Mwamuzi, ambaye ni kaka yangu kwa umri, alisema mpira unashikwa sekunde tatu, wewe mwalimu una rula na mimi nina macho. Kweli, kaka, kazi yako si nyepesi. Lakini macho huona kulingana na mahali uliposimama. Ukibaki kwenye mstari wa pembeni, nyuma ya mkabaji, utaona mikono imeufunika mpira, basi. Mwamuzi wa nusu ile akishuka mpaka mstari wa goli anaiona nafasi iliyopo kati ya miguu. Na sentimita 90 jicho linaweza kuzizoea: kata fimbo ya urefu huo, ilaze chini mazoezini siku kadhaa, utaanza kuiona hata ikiwa haipo.

Mama mmoja aliyechezesha miaka mingi akasema mikono nayo ni kosa, msidanganye watoto. Ana haki yake. Ukimkaba mtu asiye na mpira ukiwa ndani ya futi tatu, huruhusiwi kutanua mikono, unatakiwa kusimama kawaida tu. Hiyo ni sheria ya asiye na mpira, na nadhani hapo ndipo tunapojichanganya, tunaihamishia kwa mwenye mpira.

Lililonigusa zaidi ni la mwalimu wa timu pinzani: tukiwaachia warefu wakinge hivyo, wafungaji wafupi watakata tamaa na kuacha mchezo. Naijua hofu hiyo, wafupi ninao hata mimi. Ila dawa yake iko mazoezini. Afundishwe kurudisha mguu wa pili nyuma kabla ya kupiga, kuurusha mpira juu zaidi, kuupeleka kwa GA, mfungaji mwenzake, na kurudishiwa akiwa chini ya goli. Goli lina mita 3.05 kwa kila mtu, na kupiga juu ya mkono mrefu ni ufundi wa kujifunza. Filimbi ikimsaidia leo, akikutana na mwamuzi anayepima miguu kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, atafanya nini?

Ninaomba kabla ya mechi za muhula ujao waamuzi na walimu tukutane uwanjani jioni moja, na fimbo, na mabinti wawili, mmoja mrefu mmoja mfupi, tujaribu mbele ya wote. Na nyinyi mnaoshikilia kwamba mkono uhesabiwe, niambieni hapa hapa: unapimwa kutoka wapi mpaka wapi?