Naomba ushauri: furu wa darasani ameacha kula

Ndugu walimu wenzangu na wafugaji wa samaki, habari za kazi. Ninafundisha sayansi darasa la nne katika shule iliyo karibu na ziwa hapa Mwanza. Mwezi uliopita mvuvi mmoja alitupatia furu sita wakiwa hai, tukawaweka katika tangi la kioo la lita 60, na wanafunzi huwalisha kwa zamu na kuandika kila siku walichokiona.

Wawili walikufa wiki ya kwanza, nadhani kwa sababu ya klorini ya maji ya bomba. Sasa tunatumia maji ya ziwa yaliyokaa kwenye ndoo siku tatu, ili pia vimelea vya kichocho vife kabla watoto hawajatia mikono.

Tangu Jumatatu jike mmoja hali kabisa, amevimba chini ya taya, na mdomo wake unachezacheza kama anayetafuna ingawa hajapewa kitu. Watoto wanahofu kuwa ni mgonjwa. Mimi ninaamini amebeba mayai mdomoni, kama ilivyo desturi ya furu, na ningetamani sana waone vifaranga wakitoka. Tumefunika upande mmoja wa tangi kwa kitambaa, lakini dume bado anamfukuza.

Je, nimhamishie chombo kingine sasa, au kumshika kutamfanya ateme mayai? Na konokono wadogo walioingia pamoja na majani ya ziwani, ambao huenda ni wa aina inayoeneza kichocho, niwaondoeje bila kutumia dawa itakayowadhuru samaki?

Natanguliza shukrani.